Fundi Aliyefungiwa na Chauffe-eau kule Kimemi

Kabla hujacheka, ngoja kwanza. Najua sifa zangu. Ku masomo mimi njo niliingiza chura ndani ya kartable, mufuko ya vitabu, ya préfet, mukubwa wa masomo. Mimi njo niliambia batoto ba première, mwaka wa kwanza, kwamba daktari anakuja kungoa meno ya kila mutu mwenye hakufanya devoir ya nyumbani, na kumi na moja balipitia ku dirisha. Donc ukisema huyu anaongopa, nakusamehe. Mais hii siongopi. Iko kovu kwa mukono yangu ya kuume, unaweza kuigusa. Mama yangu yuko, atakuambia ile alisikia na masikio yake. Na Tante Masika yuko, ule hatakuambia kitu, na ukifika mwisho utajua sababu.

Ilikuwa vita, ile ya pili. Mimi niko troisième, mwaka wa tatu, mécanique. Ile siku habari zilishuka kutoka Rughenda kwamba basoda bapya banaingia muji, na kila mutu mwenye alikuwa na shamba mbali alikumbuka ghafula kwamba anapenda shamba. Mama alitupatia nafasi kwa camion ya viazi yenye ilikuwa inarudi Kipese, kwa babu. Ni mama, mimi, na badogo zangu batatu.

"Saa tisa," mama aliniambia. "Ukikosa, camion haitakungoja. Na mimi siwezi kwenda bila wewe. Umesikia ile nasema?"

Nilisikia. Mais saa sita Tante Masika, mudogo wa mama, anafika na jasho. Yeye alikuwa analinda nyumba ya mufanyabiashara mumoja pale Kimemi, patron mwenye vita ilimukuta ngambo. Tante hakuwa anakimbia, alikuwa anabaki. Anasema chauffe-eau, ile ya kuchemusha mayi ya kuoga, inatona, mayi inaingia ku magunia ya bunga.

"Mimi nabaki hapa na hii vita," anasema. "Ile bunga njo itanilisha. Unipe mutoto kwa saa mbili tu, si anasoma mécanique?"

Mama aliniangalia kama vile unaangalia noti yenye imepasuka. "Enda," alisema. "Na usicheze."

Pengine hujaonaka chauffe-eau ya kwetu. Hapana ile ya umeme; umeme ya wapi? Ni pipa kubwa ya chuma, soudeur, fundi wa kuunga vyuma, ameifunga juu na chini, imesimama ndani ya kachumba nyuma ya douche, pale pa kuogea. Moto inawaka chini yake, mais mudomo ya jiko iko inje ya ukuta, unaingiza pale miti ya eucalyptus. Mayi ya baridi inaingia chini, ya moto inatoka juu. Bameivalisha bati, na kati ya bati na pipa bameweka sponge ya godoro ili joto isitoroke. Juu kabisa iko soupape, ile kadude ya kupumulia: mayi ikichemuka kupita kipimo, soupape inaitema kidogo ku katuyau, kabomba ka pembeni, pipa inapumua, watu banaishi. Ni hivyo tu. Sasa unajua sawa mimi.

Ndani ya ile kachumba patron alikuwa anaweka pia chakula, sababu iko kavu na iko joto. Njo maana mulango ilikuwa ya chuma na cadenas, kufuli, inje. Dirisha? Tundu moja karibu na dari, kubwa kama cahier ya masomo, na vyuma.

Tante aliongeza magogo mawili ku moto, nione vizuri ile inatona. Kisha alisimama ku mulango.

"Wewe nakujua," anasema. "Radio yangu ulifungua vipande makumi ine ukaenda kucheza mupira. Leo nafunga. Nafika soko, narudi. Hutoki mpaka iache kutona."

"Tante, unanipeleka prison na chauffe-eau?"

"Ku prison bafungwa banapika. Hapa fanya kazi."

Kla. Cadenas. Nikasikia viatu vyake vinaenda, na bado nilikuwa nacheka.

Nikaanza. Mayi ilikuwa inatoka chini, kati ya bati na sima, tone, tone, na kunyoosha kamustari mpaka ku magunia. Kila mutu angesema pipa imeoza chini. Nikapangusa na gunia, nikapiga magoti, nikaingiza vidole. Sikuona tundu. Nikapangusa tena. Inatona tena. Hapo njo risasi ya kwanza ilisikika, mbali, upande wa Rughenda. Kisha ingine. Kisha nyingi, kama batu banamwanga maharagi juu ya bati. Na watu banakimbia ku barabara.

Nilienda ku mulango, nikapiga. Nikaita tante. Nikaita jirani. Nikaita hata ule mutoto wa jirani mwenye nilimuibia kinga, baiskeli yake. Hakuna.

"Chini," mutu akasema nyuma yangu. "Angalia chini."

Niamini, sikuogopa. Nilifikiri tu: kumbe Tante amefungia bafundi babili. Nyuma ya pipa, pale hata kuku angejibana, muzee mumoja alikuwa amekaa juu ya kakiti. Koti ya bleu ya kazi, pince, koleo ya kukata waya, ku mufuko, suruali imelowana mpaka magoti.

"Muzee, jambo. Tante amekufungia wewe pia?"

"Hapana tante. Patron."

"Tangu asubui?"

Alifikiri. "Alisema: hutoki mpaka iache kutona. Akaenda na fungulo."

"Basi tuko bawili. Mimi niko na camion saa tisa."

"Mimi pia nilikuwa na pa kwenda," akasema.

Sasa, kwa nini sikuuliza patron gani, na ile patron yuko ngambo mwaka muzima? Ni ile kitu najiulizaka kila siku. Mutu akiwa amefungwa anafurahia kuona mwingine, hapimi. Mais mwili yangu ilipima. Kachumba ilikuwa joto kama tanuru ya mikate, shati yangu imeshikamana na mugongo, na kutoka upande wa ule muzee kulikuwa kunakuja baridi, ile ya asubui ku mulima.

Tulifanya kazi, yeye anasema, mimi natenda. Kaza chini. Nikakaza. Gonga chini. Nikagonga. Kila mara nikiinua kichwa ananirudisha: "Chini, mwana wangu, inatoka chini." Na kila mara mayi inarudi pale pale. Inje risasi zilikuwa zimefika ku Kimemi yenyewe. Nikasikia honi ya camion, mara tatu, kwa barabara kubwa. Ile honi nilikuwa naijua, dereva alikuwa ameitengeneza ilie kama mbuzi. Siku zote ilikuwa inanichekesha. Nikaruka, nikashika vyuma vya dirisha, nikalia "Mama!" mpaka koo ikakauka. Honi ikaenda. Ikawa ndogo. Ikakwisha.

Nilikaa chini. Ile siku njo mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na kitu ya kuchekesha ndani ya kichwa.

Macho yangu yakaanguka ku magunia. Ku internat, pale tunalala ku masomo, mutu alikuwa anaibaka sukari yangu, na mimi nilimwanga bunga chini, nikafuata nyayo mpaka ku kitanda ya chef de dortoir, musimamizi wa chumba yetu. Nikafikiri: kama mayi ni mwizi, itaacha nyayo. Nikafungua bati na tournevis, bisibisi yangu, nikatoa sponge yote. Ilikuwa nzito, inakamuka. Nikakausha pipa kutoka kichwa mpaka miguu, kisha nikachukua bunga ya muhogo na mikono mibili, nikaipulizia pipa nzima. Ikawa nyeupe kama bibi arusi.

"Unafanya nini?" muzee akauliza. Sauti yake ilibadilika.

"Nangoja nyayo."

Zilikuja. Hapana chini. Juu, ku kiungo ya tuyau ya moto, bunga iligeuka uji, mustari ikashuka polepole kwa mugongo ya pipa mpaka chini. Mayi ilikuwa inatokea juu, inajificha ndani ya sponge, inaonekana chini. Saa yote tulikuwa tunatibu miguu ya mutu mwenye anaumwa kichwa.

Nikapanda juu ya gunia, nikakaza kile kiungo na nguvu zangu zote. Tone la mwisho. Kisha kimya. Nilirukia mulango kama mujinga, nikasukuma. Imefungwa.

"Mimi pia," muzee akasema, "niliisimamisha mara tatu. Hakuna mwenye alikuja kuona."

Na pipa ikaanza kulia.

Sijui nikuambie namna gani. Kwanza kidogo, kama sufuria. Kisha chuma ikapiga ndani, boum, boum, mutu mwenye anataka kutoka. Kiungo yenye nilikaza njo ilikuwa mudomo yake, njo yenye ilikuwa inaokoa ile nyumba miaka yote. Sasa mimi nimeifunga. Mais soupape iko wapi? Kwa nini haitemi? Nikainua macho.

Muzee alikuwa amesimama. Mukono yake ilikuwa juu ya soupape, imefunika katuyau.

"Toa mukono, muzee."

"Chini," akasema. "Angalia chini."

"Muzee, hii kitu itapasuka. Toa mukono."

Hakutoa. Na kati ya vidole vyake nikaona: mudomo ya katuyau imezibwa na kipande ya muti, imezungushiwa mupira ya tairi, imekazwa na waya. Kazi safi. Kazi ya mutu mwenye anajua. Nikaelewa vyote mara moja, hata ile sikutaka kuelewa. Soupape ni kawaida iteme kidogo. Patron aliona matone, hakupenda, akasema zima hii. Na huyu, ili kufurahisha patron, aliziba pumuzi ya pipa, akasema imepona. Mayi ikatafuta njia ingine. Patron akamuita tena, akamufungia. Na yeye akakaa hapa kutafuta chini kitu yenye alijua iko juu, sababu angeigusa, batu bangejua ni nani aliharibu.

Nilitaka kumutukana. Niko na matusi ya Kiswahili, ya Lingala ya basoda, na mingine ya kwetu. Mais niliangalia ile mukono. Ilikuwa na mishipa kama ya babu.

"Tata," nikamuita, ile namna naitaka babu. "Hakuna mwenye atakucheka. Nitasema ni mimi niliziba."

Pipa inapiga.

"Utasema kwa nani?"

"Kwa tante. Kwa patron. Ku masomo. Mimi tayari ni mujinga wa muji muzima, Tata, haitaongeza kitu. Nitasema ni mimi."

"Na jina langu?"

"Silijui. Usiniambie."

Akatoa mukono. Akatoa ile pince ku mufuko, akanipatia, baridi kama barafu. Nikakata waya, nikashika muti, nikavuta. Mvuke ikatoka na kilio yenye sitasahau, ikanipiga mukono, ikajaza kachumba mpaka sikuona pua yangu. Ndani ya ile weupe nikasikia karibu na sikio, polepole: "Wasingya." Ni asante ya kwetu, Banande.

Kisha cadenas ikafunguka.

Ilikuwa mama na tante. Na ilikuwa asubui. Umesikia? Asubui ya siku ya pili. Mimi nilikuwa nimehesabu saa mbili, tatu. Mama alinishika uso na mikono yote mibili. Nyuma ya ukuta, jiko ilikuwa imezimika, majivu baridi, mvua ilikuwa imeinyeshea usiku muzima. Mais mukono yangu ilikuwa imeungua, ngozi inatoka. Moto gani iliniunguza? Niambie wewe mwenye akili.

Mama alinielezea baadaye: risasi zilimuzuia tante ku soko usiku muzima, mpaka mama akamupata asubui. Balipofika ku mulango balisikia sauti mbili, ya kwangu na ya muzee. Tante Masika aliitambua ile ya muzee. Alikataa kufungua, aliegemea ukuta na fungulo mukononi, na mama akamunyanganya. Vita ya kwanza, patron alikimbia na fungulo ku mufuko, na fundi yuko ndani. Tante alikuwa anafanya kazi pale. Alijua. Alikimbia na bengine, akafikiri mutu atamufungulia. Balirudi kisha siku tisa, bakamuzika.

"Nani alikuwa na wewe?" tante akaniuliza.

"Hakuna mutu, tante. Na soupape, ni mimi niliziba."

Yeye mwenye alijua sikuwahi kuingia ile nyumba kabla ya ile siku, alikaa chini ku mayi na bunga, akaweka kitambaa usoni.

Sasa nimalize ile inabaki. Mama alikuwa amepandisha badogo zangu ndani ya camion na jirani, kisha yeye akashuka, kwa ajili yangu. Camion ilifika Kipese muzuri. Mais barabara ilifungwa miezi mitano. Siku tulifika, Kahindo, mudogo wa mwisho, alijificha nyuma ya kitenge ya jirani, akaita ule jirani njo mama. Mama alicheka, akasema batoto ni batoto. Usiku nilimusikia analia. Mimi pia sifungaka mulango tena, hata ya douche, na ku internat bananicheka, bananiita "Courant d'air", upepo wa mulango wazi. Bacheke.

Sikia sasa. Ukiita fundi nyumbani kwako, usimufungie na kazi yake, hata kama ni mutoto wako mwenyewe, hata kwa dakika tano. Mwachie mulango wazi, aweze kutoka kukuambia ameshindwa. Na ukipita Kimemi, batu bakikuonyesha ile nyumba, bakisema kuko mwanafunzi mumoja mupumbavu aliziba soupape na karibu apasue nyumba ya patron, usinitetee. Itika. Waambie unamujua, ni mimi.