Fangasi ya Kifuani

Nilipokuwa karani wa mizani kwenye shamba la ngano la serikali, chini ya mlima Hanang, nilitumia dawa za kifua kikuu mara mbili, na mara ya pili nilizimeza kama mwizi aliyekamatwa. Mara ya kwanza nilipona. Kisha kikohozi kikarudi, safari hii na damu, mke wangu akiwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Makohozi yalipimwa, hayakuonyesha kitu. Muuguzi wa zahanati, mama mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, hakukubali. Alisema watu wa huku tukipata nafuu kidogo tu tunatupa vidonge. Mimi sikutupa hata kimoja, lakini nani angeniamini?

Basi akanianzishia dawa upya, na kila asubuhi nilizimezea kwenye dirisha la zahanati, mbele ya madereva wa trekta waliopanga foleni. Muuguzi aliniambia nifungue mdomo, ninyanyue ulimi. Mtu mzima mimi, naamkiwa shikamoo, nikanyanyua ulimi. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Mtoto alizaliwa Gitting, nyumbani kwetu. Nilikatazwa kumbeba. Nilisimama mlangoni, mke wangu akamwinua nimwone, basi. Dirisha ningelivumilia, hili lilinimaliza. Mwanangu alijifunza kukaa, akajifunza kutambaa, na mimi bado ni mtu wa mlangoni.

Damu ilipozidi nilipelekwa hospitali kubwa. Daktari alinipiga picha ya kifua nikiwa nimesimama, akapiga nyingine nimelala ubavu. Akaniita nitazame. Ndani ya tundu lililoachwa na kile kifua kikuu cha zamani kulikuwa na donge la mviringo, na nilipolala, donge lilikuwa limehamia upande wa chini.

"Hii ni fangasi," alisema. "Imeota kwenye hilo tundu. Vidonge vyako haviwezi kuiua, na humwambukizi mtu."

Nilimwuliza, hata mtoto? Akasema hata mtoto. Nililia mbele yake bila kujizuia, na kilichonitia haya zaidi ni kwamba nilikuwa nimeanza kujishuku mwenyewe, kwamba huenda kweli nilitupa vidonge.

Walinipasua, wakaondoa kipande cha pafu. Shambani habari ilifika kabla yangu. Kwetu fangasi ni ya vidole vya miguu, ya watu wanaoshinda kwenye buti za mpira, kwa hiyo madereva wakaniuliza nilikuwa nanusa soksi za nani. Nilicheka nao, kidonda kikiniuma. Muuguzi alinipa pole huku akiangalia chini. Niliitikia.

Nyumbani mke wangu aliniwekea mtoto mikononi. Nilimpokea, na papo hapo nikageuza uso ukutani, nikabana pumzi.

"Si daktari ameshasema, baba?" mke wangu aliniuliza taratibu.

Nilijua. Lakini shingo ilikuwa imeshazoea. Nilimbeba hivyo siku ile, na siku nyingi baadaye. Hata alipoanza kutembea, siku moja alinijia mbio uani, mikono ameinyoosha. Nilipoinama kumnyanyua, akageuza uso wake kando, akabana pumzi. Alidhani ndivyo mtoto anavyobebwa na baba yake.