Mlinzi Anayemngoja Chui

Wasomaji watukufu, jiandaeni kwa damu. Mwandishi wenu amehatarisha maisha yake ili kuwaletea, kutoka ufuo wa Kisumu, vita vya mwindaji na mawindo.

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi, Juni 1994. Ndani ya ua wa hifadhi ndogo, swala kumi na tisa wanakula majani. Kenge mmoja anaota jua. Kiboko ametoa masikio majini, akaona hakuna jipya, akayarudisha.

Juu ya jiwe ameketi Mzee Shitanda, miaka hamsini na sita, koti la kijani, daftari magotini. Kazi yake ni kuwalinda swala hao dhidi ya chui. Aliajiriwa miaka mitatu iliyopita, baada ya chui kuruka ua na kula wawili kwa juma moja. Tangu hapo chui hajarudi.

"Kila asubuhi naandika: Chui, hakuna," asema. "Nimeandika hivyo mara elfu moja na kitu."

Mshahara wake ni shilingi elfu moja na mia nne kwa mwezi, pamoja na kibanda cha mabati. Mkewe Nabwire alifariki kijijini, upande wa Kakamega, mwaka ule ule alioanza kazi. Mabinti wameolewa mbali. Redio iliishiwa betri mwezi Mei. Kuna siku, asema, anayemsalimu ni mtu mmoja tu, Mama Dorca, apitaye nje ya ua na karai la omena, dagaa wa ziwani, kichwani.

"Mzee wa swala!" Dorca apaza sauti, kama kawaida yake. "Mgeni wako amefika?"

"Bado, Mama."

"Huyo chui anakuringia sana! Si utafute hata fisi?"

Mzee anacheka kidogo tu. Wenye hifadhi wamemwandikia barua: kama chui hataonekana hadi mwisho wa mwezi, hakuna haja ya mlinzi, ua wa waya utatosha. Zimebaki siku tano.

Ghafla Dorca anashusha karai. Kwenye tope, kando ya maji, kuna nyayo kumi na mbili kubwa, zimeelekea kwa swala.

"Uwii! Mzee, amekuja! Andika haraka, kazi yako imepona!"

Shitanda anachuchumaa. Anazitazama kwa muda mrefu. Kisha anafungua daftari, analowesha penseli ulimini na kuandika: Chui, hakuna.

"Wewe, umerogwa?"

"Chui akitembea huficha kucha, Mama. Huyu amezitoa zote. Halafu amekuja kwa mguu mmoja, wa mbele kulia, mara kumi na mbili." Anainuka polepole. "Nikiandika uongo wataleta mitego. Mitego itashika miguu ya hawa swala wangu."

Kisha ananigeukia. "Kijana wa gazeti la shule. Hebu toa mkono mfukoni."

Nakiri, wasomaji. Mfukoni mlikuwa na kiazi kitamu cha jikoni mwa shule, nilichokichonga umbo la wayo wa chui kwa wembe wakati wa somo la hisabati. Nilitaka makala yenye chui. Dorca alinitukana kwa Dholuo, na nilistahili kila neno.

Mzee hakufoka. Alisema mwezi ukiisha atafungasha vitu vyake arudi kijijini. Anatumaini wenye hifadhi watamruhusu kuja Jumapili mojamoja kuwahesabu swala, bila mshahara, ajue tu kama wote wapo.

"Hizi nyayo ulizitia saa ngapi?" aliniuliza.

"Jana jioni, Mzee. Nilinyata nyuma ya kibanda chako."

"Nilikuwa ndani, nimekaa tu." Alifunga daftari. "Ungebisha hodi. Ningechemsha chai."