Mchanga Katika Ugali wa Uwele

Mganga wa zahanati aliniambia nipunguze mawazo. Alisema hivyo huku akinivua kipimo cha presha mkononi, bila kunitazama, kama mtu anayemwambia mwenzake apunguze chumvi. Nikamuuliza niyapunguze vipi. Akasema, "Mama, pumzika. Usiwe mtu wa hasira hasira." Nilitoka pale nimekasirika kuliko nilivyoingia.

Nilikuwa karani wa ghala la ushirika, Singida mjini, miaka tisa. Gunia la alizeti lililochanganywa mawe nililijua kwa kulipiga teke tu, nikasikia linavyojibu. Halafu ikaja hiyo walioiita soko huria. Watu tuliofundishwa kuwaita walanguzi waliamka asubuhi moja wanaitwa wafanyabiashara, wakapeleka malori yao mpaka mashambani, na sisi wa ushirika tukasomewa majina uani, juani, tumepanga mstari kama wanafunzi waliochelewa namba ya asubuhi shuleni. Langu lilikuwa la nne. Aliyelisoma hata hakulitamka vizuri.

Mume wangu alikuwa Itigi, kazini kwenye reli, akingoja zamu yake ya kusomewa jina. Nyumbani Mandewa nilibaki na binti yetu wa miaka saba, na hasira. Nitasema wazi kwa sababu sijawahi kusema: nilimpiga yule mtoto. Wala sikumpiga kumfunza adabu, kama tunavyopenda kujitetea. Nilimpiga kwa kumwaga maji. Nilimpiga kwa kuimba kichwa kikiwa kinaniuma, na kwa kuniuliza mbona siku hizi siendi kazini. Mwiko, kandambili, kiganja, chochote kilichokuwa karibu.

Miezi ile walikuja pia watu wa semina. Kila kitu kilipokufa, semina zilizaliwa. Dada mmoja kutoka Dar es Salaam alitukusanya akina mama ukumbini, akatuambia tufumbe macho, tuvute pumzi taratibu, tujione tuko ufukweni, mawimbi yanakuja, mawimbi yanarudi. Kati yetu sote aliyewahi kuiona bahari alikuwa mmoja, na alikwenda kule kumzika kaka yake. Akaanza kulia. Jirani yangu alikuwa anakoroma. Mimi nilipofumba macho nilimwona yule msoma majina, na karatasi yake. Tukapewa soda na biskuti, tukarudi makwetu.

Mama mkwe alikuja kutoka Kinyangiri baada ya mavuno, na nusu gunia la uwele juu ya basi. Hatukumwita. Nadhani kuna jirani alipeleka maneno. Yeye ni Mnyiramba na mimi Mnyaturu, kwa hiyo lawama zake alizisema Kinyiramba, peke yake, na amri akazitoa kwa Kiswahili ili nisipate kisingizio. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika marahaba huku macho yake yako kwenye mguu wa mjukuu wake, palipokuwa na alama ya mwiko.

Uwele wetu tunaupura chini, kwenye udongo, kwa hiyo unakuja na mchanga wake. Usipoupeta vizuri kabla ya kuupeleka mashineni, mashine inasaga mchanga na nafaka pamoja, na hapo hakuna dawa tena. Mwanamke akipika ugali wenye mchanga, kwetu hakuna anayemsema. Watu wanatafuna kimya, meno yanakwaruza, na kila mtu anajua. Uwele ule wa kwanza niliupeta kama napigana na ungo. Jioni tukala. Kra, kra. Binti yangu alikuwa anameza matonge bila kutafuna, kwa kuiogopa ile sauti.

Mama mkwe alitema pembeni, akanawa mikono.

"Mke wa mwanangu," alisema, "nitakaa hapa mpaka uwele huu uishe. Ukiisha bado tunatafuna mchanga, naondoka na mjukuu wangu."

"Kwa sababu ya mchanga, mama?"

"Unajua kwamba si kwa sababu ya mchanga."

Nilimchukia. Usiku wote nilimjibu kichwani, majibu mazuri, yenye hoja. Serikali inichukulie kazi, na huyu anichukulie mtoto, tena kwa kunipima na ungo! Asubuhi nikautoa uwele uani nikaanza kupeta kwa nguvu, vumbi la pumba likinijaa puani, naye akaweka kigoda nyuma yangu.

"Unaongea na nani?" akaniuliza.

Sikujua kwamba nilikuwa naongea. Nilikuwa namwambia msoma majina mambo ambayo sikuwahi kumwambia.

"Huyo hayupo," alisema. "Aliyepo ni uwele. Geuka, upepo ukupige hapa." Akanigusa nyuma ya sikio, kwa kidole kigumu. "Sasa nyamaza, usikilize."

Nilisikiliza ili nimkomoe, nimwonyeshe kwamba hakuna cha kusikia. Uwele ukizungushwa kwenye ungo unasikika kama mtu anayefagia uwanja wa jirani. Changarawe ikiwemo, katikati ya kule kufagia kuna kitu kinakwaruza. Unatikisa taratibu, mchanga unashuka chini, unausikia unavyojikusanya upande wako, kisha unainamisha ungo. Akanishika mkono akaulaza juu ya nafaka. Asubuhi, kama uwele umelala ndani karibu na jiko, bado una joto kidogo, na unanuka moshi. Changarawe ni baridi. Mtu aliyekagua magunia miaka tisa alikuwa na masikio na viganja vya kujua hayo yote, lakini nilikuwa nimeviacha ghalani pamoja na funguo.

Haikuwa rahisi, na sitaki kumdanganya mtu. Nilikuwa nazungusha ungo mara tatu, mara nne, msoma majina anarudi na karatasi yake, na papo hapo mchanga unanitoroka, unapita na uwele. Jioni kra. Mama mkwe hasemi. Anatema, ananawa. Kesho yake naanza tena, upepo nyuma ya sikio, kiganja kwenye nafaka. Wiki ya tatu niliweza kumaliza ungo mzima nikiwa palepale nilipokaa. Wiki hiyo mwiko ulifanya kazi yake ya kusonga ugali, basi.

Wala msije mkaniambia ungo uliniponya. Ungo haukunirudishia ghala, ambalo sasa mfanyabiashara analijaza kreti za bia. Haukumfanya yeyote aniombe radhi. Hasira yangu ilikuwa ya haki, na mpaka leo ninayo, sikuipunguza kwa ajili ya mganga wala dada wa semina. Lakini kwa muda wa ungo mmoja msoma majina alinyamaza, na kwa muda huo nilimsikia mwanangu anaimba nyuma ya nyumba. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini sana.

Uwele wa mwisho tuliula kwa mlenda. Nilikuwa naisikiliza midomo yao kama karani anayengoja majibu ya ukaguzi. Mama mkwe alitafuna, akameza, akalamba vidole. Binti yangu alitafuna polepole, akanitazama, akatafuna tena. Hapakuwa na kra hata moja.

"Huu ni ugali," alisema mama mkwe. "Mtoto anabaki."

Nilikuwa nimemshinda. Nikainuka, nimejaa fahari, nikautwaa ungo niutundike kwenye msumari wake, ukutani, juu ya pale alipokaa binti yangu. Nikanyanyua mkono.

Akajikunyata. Mikono yote miwili juu ya kichwa, macho ameyafumba, tonge bado mdomoni.

Mama mkwe alikuwa ameshatoa neno lake na asingelirudisha. Alinitazama mimi, hakumtazama mtoto, na nikajua kwamba sasa uamuzi ni wangu. Niliushusha ungo, nikauweka sakafuni, mbali naye.

Asubuhi nilifunga nguo za binti yangu kwenye kanga, mimi mwenyewe, nikawasindikiza yeye na bibi yake stendi. Alikaa Kinyangiri muhula mzima. Muhula huo wote nilipeta uwele wa majirani, mpaka mkono wangu ukajua kunyanyuka taratibu. Aliporudi tulianza upya, naye hakuniamini haraka, na alikuwa na haki. Ila ninachokikumbuka zaidi ni pale stendi, bibi yake ameshakaa dirishani, mtoto ameshika mlango wa basi hataki kupanda.

"Lakini mama," aliniambia, "haukuwa na mchanga. Nilitafuna."

Nikamwambia najua, mwanangu. Nikampandisha.