Siku Niliyoposa kwa Mwaka 1260

Mshenga wangu alikwama Tunduma kwenye foleni ya malori, siku ileile ya kwenda kuposa kijijini Iyula. Alikuwa mjomba wangu. Akanipigia simu: "Tangulia, nakuja nyuma." Mtu mwenye akili zake angemsubiri, lakini mimi nilikuwa nimependa hadi nacheka peke yangu njiani. Nikapanda bodaboda.

Ndivyo nilivyojikuta peke yangu mbele ya baba wa mchumba wangu, mkulima wa kahawa, ameketi kwenye kigoda anapukuchua mahindi. Nikamwamkia. Akaitikia bila haraka, akanisukumia mahindi mawili nami nipukuchue.

"Nasikia wewe mwalimu umesomea historia," akasema. "Sasa historia hiyo inasaidia nini?"

Wengine wakiogopa hutetemeka. Mimi hufundisha. Nikamwambia nilisoma dola za zamani, hasa mwaka mmoja, 1260.

"Mwaka mmoja tu?"

"Mmoja, mzee, lakini ulikuwa na vurugu huo!"

Kabla sijajizuia nilishapiga magoti, nachora ramani vumbini. Punje za mahindi zikawa miji. Nikachota buni kwenye kahawa iliyoanikwa, zikawa jeshi la Wamongoli. Nikateka Halab. Nikateka Dameski. Nikaeleza kwamba huko kwao mfalme mkuu alikuwa ameshakufa, ndugu zake wawili wakagombea kiti, kila mmoja akajitawaza, na sehemu kubwa ya jeshi ikarudishwa mashariki. Hapo jogoo akaja, akaidonoa Dameski yote.

"Mfukuze Mmongoli huyo!" mzee akafoka. Naye sasa alikuwa ameinama juu ya ramani.

Jikoni nikasikia kicheko ninachokijua, kinazibwa na kanga. Basi nikapagawa kabisa. Nikamleta sultani wa Misri mbiombio, nikawapiga Wamongoli waliobaki Palestina hadi buni zikatawanyika chini ya kigoda. Mzee akapiga makofi.

"Sultani akarudi kwake salama?"

"Hakufika, mzee. Jemadari wake, aliyepigana naye bega kwa bega, inasemekana alimwomba apewe Halab. Sultani akamnyima."

"Eh! Akafanyaje?"

"Akamuua njiani, akakalia kiti chake."

Ndipo masikio yangu yaliposikia mdomo wangu umesema nini. Nimekuja kwa mzee kumwomba binti yake, sina mshenga, mikono vumbi tupu, na nimemweleza waziwazi yaliyompata aliyenyima. Jikoni kicheko kilikatika. Niliona aibu hadi miguuni, na nilikuwa na hakika kwamba nimempoteza yule binti kwa sababu ya watu waliokufa zamani.

Mzee akanitazama. Akatazama kigoda alichokalia. Kisha akaokota punje moja kutoka kwenye ramani, akaifuta kwa shati lake, akaniwekea kiganjani na kunikunja vidole juu yake.

"Halab yako hiyo," akasema. "Mimi bado napenda kuishi. Mpigie mjomba wako, mwambie asikimbize gari."