Mwezi wa Saba wa Vidonge

Damu iliganda kwenye mguu wangu wa kushoto bila sababu. Sikuwa nimejifungua, sikufanyiwa upasuaji, sikusafiri mbali. Niliamka tu nyumbani Nangara paja limevimba, linawaka. Nikaanzishiwa vidonge vya kuzuia damu isigande.

Kufikia mwezi wa saba nilikuwa najitia kinyaa. Nikipiga mswaki, povu jekundu. Hedhi ikija ni kama machinjioni. Nilifundisha darasa la nne nikinusa harufu yangu mwenyewe. Mikono ilijaa mavilio ya damu, walimu wenzangu wakaanza kumtazama mume wangu kwa jicho baya.

Tukaenda kliniki kuuliza kama naweza kuacha. Daktari, mwanaume wa makamo, hakuutazama mguu. Hata mimi hakunitazama. Alimgeukia mume wangu.

"Baba, mwambie mama ameze maisha yake yote. Akiacha atakufa."

"Sawa, daktari," mume wangu akajibu, utadhani wanapanga kuchanja ng'ombe.

Tulipotoka nje nikamwambia, "Damu ni yangu. Usinijibie tena." Akainamisha kichwa.

Mwezi uliofuata nikapanda bajaji peke yangu. Safari hii nilimkuta daktari binti, umri wa kuwa mwanangu.

"Shikamoo, mama. Naomba nione miguu yote miwili."

"Marahaba."

Akabonyeza, akatafuta uvimbe, wekundu na weusi wa ngozi. Akanipima uzito na urefu, akauliza umri, akachukua damu. Majibu yalipotoka akavuta kiti karibu.

"Ungekuwa mwanaume ningekwambia endelea, maana kwao damu hurudia kuganda zaidi. Kwa mwanamke tunaangalia mambo haya niliyopima, na wewe una moja tu, uzito. Ukiacha, damu inaweza kuganda tena, ila uwezekano ni mdogo. Na hivi unavyovuja, vidonge navyo vina hatari yake. Wewe unaonaje?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo.

"Naacha," nikasema.

Akanionya: mguu ukivimba, kifua kikibana, pumzi ikikata, nikimbilie hospitali.

Huu ni mwaka wa pili. Mguu haujavimba, ingawa bado naupima kwa futi ya fundi kila Jumapili kabla ya kanisa, maana hofu haiishi. Hedhi imerudi kuwa ya kawaida. Kinachonitia kinyaa mpaka leo ni kwamba kwa miezi saba hakuna aliyeniambia nivue hata soksi.