Taa za Land Rover ya Papa Raphaël

Siku Antoine alipomwona Mama Djamila kwa mara ya kwanza, aliona miguu tu. Miguu miwili yenye hina ilikuwa imetokeza chini ya lori nyuma ya soko la Kasongo, na kando yake kandambili zimepangwa vizuri kama mlangoni mwa msikiti. Antoine alisimama pale karibu nusu saa, kofia mkononi. Alishindwa kuita.

"Wewe mwenye viatu vya matope," sauti ikatoka chini ya lori, "umekuja kutengenezewa gari ama umekuja kuposa?"

Wachukuzi waliokuwa wamekaa kivulini wakaangua kicheko. Antoine aliona masikio yake yanawaka moto. Angeondoka, lakini mwanamke alikuwa ameshatoka, anajipangusa vumbi. Alikuwa wa miaka sitini hivi, mwembamba, bisibisi imechomekwa kwenye kilemba. Mume wake alikuwa fundi wa umeme wa magari. Alipopofuka, Mama Djamila ndiye aliyekuwa macho yake kwa miaka tisa, na alipokufa wateja waliendelea kuja kana kwamba hakuna kilichobadilika.

"Gari yako iko na nini?"

"Taa," alisema Antoine. "Zinawaka."

"Taa kuwaka ni ubaya gani?"

"Zinawaka zenyewe, Mama. Hakuna mutu ndani."

Safari hii wachukuzi hawakucheka.

Ilikuwa Land Rover ya marehemu baba yake, Papa Raphaël, kuukuu kuliko Antoine mwenyewe, na Antoine alikuwa ametimiza miaka arobaini na miwili. Tangu mzee afariki, kila mvua ilipopiga bati linalovuja la kibanda cha gari, taa mbili za mbele zilifunguka polepole, njano, hafifu, kama macho ya mtu mwenye homa. Zilikaa hivyo mpaka mvua ikatike. Kuku waliacha kulala mle. Mama yake, Mama Apolline, alikuwa akienda na kopo la maji ya baraka yenye chumvi, akimwagia mbele ya gari huku akisali, lakini kila wiki taa zilizidi kuwaka kuliko wiki iliyotangulia. Mwishowe hata honi ililia yenyewe, ikalia kwa huzuni ndefu, na wajomba wakaketi na kukata shauri: Jumapili ikipita bado inawaka taa, wanaisukuma mpaka mto Lualaba na kuitosa. Siku Antoine alipokwenda sokoni ilikuwa Jumatano. Gari lile ndilo lililompa Antoine kula, ndilo pekee alilorithi. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo alikuwa hajamwambia mtu.

Kesho yake Mama Djamila alikuja na mfuko wa vyombo na kipimo chake, balbu ndogo iliyofungiwa nyaya mbili. Hakufungua boneti. Alimwambia Antoine akae kwenye usukani.

"Niambie maisha yake. Yote."

"Maisha ya nani?"

"Ya gari. Gari ya zamani imefungwa-fungwa na mikono mingi. Nikijua imepita wapi, najua pa kutafuta. Mwenyewe asiposema, mimi siigusi. Hata marehemu wangu alikuwa hivyo."

Antoine alishika usukani kwa mikono miwili. Akaanza kwa sauti ya chini. Alieleza jinsi mapadre walivyomwachia baba yake gari, jinsi lilivyovuka mito maji yakifika vitini, jinsi wakati wa vita lilivyofichwa msituni na baba akakata nyaya mwenyewe ili wapiganaji wasiweze kuliwasha. Mama Djamila alikuwa akitikisa kichwa na kuweka alama ya chaki hapa na pale. Kisha Antoine akaanza kufuta vumbi kwenye dashibodi.

"Endelea. Hujafika mwisho."

"Mwisho Papa alikufa."

"Wapi?"

"Hapa. Kwenye kiti hiki."

Yeye na baba yake walikuwa wanatoka Kabambare, jioni, karibu na kijiji cha Lusangi, kwenye kona yenye mianzi. Papa Raphaël, aliyekuwa anaendesha, alisimamisha gari, akashika kifua, akaangukia usukani; Antoine hakuweza kumhamisha peke yake. Nyumba zilikuwa karibu, moshi wa majiko ulionekana. Pikipiki za kutoka Salamabila zilikuja, tano au sita. Ilitakiwa mtu aruke barabarani apige kelele tu. Lakini kwa Antoine, kuwaita watu asiowajua kulikuwa kama kuvuliwa nguo sokoni. Basi aliwasha taa, akazima. Akawasha, akazima. Wale wa pikipiki walidhani anawasalimu. Wakapiga honi, wakapita.

"Alipokata roho nilikuwa bado ninawasha na kuzima," Antoine alisema. "Sijamwambia mutu, hata mama. Sasa ananijibu kwa taa zilezile."

Mama Djamila alizunguka mbele ya gari. Alifungua boneti. Akafungua betri, akaitoa, akaiweka chini hatua tatu kutoka garini, na wote wawili walikuwa wanaiangalia pale chini wakati taa ya kushoto ilipofunguka. Iliwaka kidogo kama pumzi moja, ikafa.

"Uliona?" Mama Djamila aliuliza kwa sauti ndogo.

"Niliona."

"Basi mama yako asijue. Kazi yangu ni waya." Lakini tangu hapo hakuipa tena taa ile mgongo. Kila alipohitaji chombo, alirudi kinyumenyume.

Alifuata waya mmoja mmoja kwa vidole, na karibu na bawa la kushoto, bati la juu ya gurudumu, akasimama. Palikuwa na uji wa kijani umeganda juu ya chuma. Akaugusa, akaulamba, akatema.

"Chumvi! Mama Apolline, nani anapika gari hii?"

Mama Apolline alikuwa mlangoni mwa jiko. Aliinamisha uso kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Mama Djamila akawaeleza. Kila taa inatumia waya wa kurudisha umeme kwenye chuma cha gari, ndio mafundi wanauita masi. Hapo mwanzo mvua ilikuwa inaingia kwenye kiungo cha zamani kilichofungwa kwa kitambaa, taa zikapata umeme kidogo. Mama Apolline akaja na maji yake ya chumvi. Chumvi ikala masi, ikatengeneza njia nyingine, umeme ukazurura mpaka kwenye honi. "Mlikuwa mnamfukuza marehemu kwa kumfungulia mlango," alisema.

Alikwangua chuma mpaka kikang'aa, akafunga masi mpya, akakata viungo vyote vya kitambaa na kuviunga upya. Akarudisha betri. Halafu akamwamuru Mama Apolline amwage ndoo nzima ya maji juu ya gari, maji matupu. Wakangoja. Hakuna kilichowaka.

Jumapili mvua ilinyesha kuanzia asubuhi. Wajomba walikuja na kamba, wakasimama chini ya baraza wakiangalia kibandani hadi saa nane. Taa zilibaki zimefumba. Wakala ugali na sombe ya majani ya muhogo, wakarudi kwao na kamba zao.

Mwaka ukapita. Msimu wa mvua uliofuata, habari zilifika kwamba Mama Djamila ameugua akiwa kwa binti yake Subira huko Kabambare, na anatakiwa kuletwa hospitali ya Kasongo. Antoine alikwenda usiku huohuo bila kuombwa mara mbili. Asubuhi walimlaza nyuma kwenye godoro, Subira akimshika kichwa. Katika kioo Antoine aliona miguu tu, hina imefifia.

Ilikuwa mchana, jua kali, hakuna wingu. Walipofika kwenye kona yenye mianzi, majani yaliyokuwa kivulini mbele yao yakageuka njano. Antoine aliangalia swichi. Ilikuwa chini, imezimwa. Taa zilikuwa zinawaka.

Akakanyaga breki kwa mshtuko. Magurudumu ya nyuma yakateleza pembeni, yakazama matopeni mpaka ekseli.

"Zimewaka?" Mama Djamila aliuliza kutoka nyuma.

"Zimewaka, Mama."

"Si masi. Masi niliifunga mwenyewe."

Pikipiki zikasikika kwa mbali, zinakuja. Mkono wa Antoine ukaenda kwenye swichi wenyewe.

"Acha hiyo," alisema Mama Djamila. "Antoine. Acha hiyo."

Akaiacha. Alifungua mlango, akatoka, akasimama katikati ya barabara. Sauti ya kwanza haikutoka. Ya pili ilitoka.

"Saidieni! Tuko na mugonjwa! Ee jamaa, saidieni!"

Ikapiga mianzi, ikarudi. Pikipiki tatu zikasimama. Watu wakatoka nyumbani na majembe, wanawake kwa wanaume, wakachimba, wakasukuma, wakamtania kwamba anapiga kelele kama mbuzi wa sikukuu. Aliporudi kwenye usukani, taa zilikuwa zimezimika, wala hakuuliza tangu lini.

Mama Djamila alifariki hospitalini siku ya tatu, Antoine hayupo. Lakini siku ile walipofika, wauguzi walipokuwa wanamteremsha, alimshika Antoine shati akamvuta karibu.

"Kumbe sauti iko, mutoto wangu," alimwambia. "Sasa mwache Papa yako azime taa, alale."