Mkanda Uliochelewa Siku Tatu

Ziii, ziii, ziii. Hadi leo nikifumba macho naisikia. Si sauti ya gari linalokataa kuwaka. Hiyo naijua, ile ya nyeku, nyeku, nyeku, kama mzee anayejikongoja kutoka kitini. Hii ilikuwa nyepesi mno. Stata ilizunguka kama haina mzigo wowote, kama cherehani unayoikanyaga huku mkanda umetoka kwenye gurudumu: mguu unakwenda, sindano imesimama. Baba aliisikiliza mara mbili, akachomoa ufunguo taratibu, akauweka mapajani. Tulikuwa kwenye barabara ya kutoka Ikolo, kulia mpunga, kushoto mpunga, na mwenye makosa nilikuwa mimi.

Ngoja nianze mbali kidogo.

Baba alikuwa dereva wa lori la ushirika. Kwetu Bujonde hakuna aliyemwita kwa jina lake, wote walimwita Dereva, hata mchungaji. Akirudi safari, akifika kwenye kona ya migomba ya kanisa, alipiga honi mara tatu. Mama alikuwa anachochea moto kwa honi ile. Mimi nilikuwa nakimbia hadi barabarani, naning'inia kwenye mlango wa lori kwa hatua zile chache za mwisho, na nikishuka najiona nimetoka Mbeya.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Nisiseme uongo, tulifurahi. Sabuni ya kunukia ilirudi dukani, khanga zikawa za kuchagua, na wanunuzi wa kakao wakaanza kuja wenyewe na mizani zao na malori yao. Lakini lori la ushirika likakosa mzigo, kisha likakosa tairi, mwisho likapandishwa juu ya matofali. Baba akapewa kiinua mgongo chake, akaambiwa zile sare za kaki abaki nazo.

Hakulalamika. Alilima kakao vizuri tu, ila alilima kama mtu anayesubiri kuitwa. Ukimsemesha anakujibu, ukimtania anacheka, lakini kicheko kilikuwa kinafika kwa kuchelewa. Mimi nilikuwa nimemaliza la saba, sikuchaguliwa, najifunza kushona kwenye cherehani ya mama, na mchana kutwa nikikanyaga cherehani ile nilikuwa na ndoto moja: nisikie tena honi tatu pale kwenye kona.

Kwa hiyo siku baba aliponunua pikapu ndogo nyeupe, ya mtumba, iliyotoka Japani ikapitia kwa mfanyabiashara wa Mbeya, nilidhani ndoto imekuja yenyewe nyumbani, ina magurudumu manne. Akalipeleka gari moja kwa moja kwa fundi mmoja wa Kyela mjini, tukiwa wote wawili, alitazame kabla halijaanza kubeba mchele.

Fundi alikuwa mtu wa maneno. Akafungua boneti, akainama, akasikiliza, akasema, "Mzee, umenunua gari zuri. Sasa badilisha taimingi belti."

"Limeharibika?"

"Sijui."

"Sasa kama hujui?"

"Ndiyo maana nasema ubadilishe. Ukinunua gari la mtu umenunua na dhambi zake. Huyo Mjapani aliyeliendesha hakuacha wosia. Alibadilisha lini? Lilitembea mangapi? Hapo kwenye dashibodi pameandikwa, lakini namba zile zinarudishwa nyuma, mzee, kama umri wa mwanamke."

Baba akacheka. "Fundi, miaka ishirini niko kwenye lori. Nimekata springi, nimepasua rejeta, nimelala chini ya injini. Injini inazungushwa na chuma, chuma kwa chuma. Leo unaniambia injini inazungushwa na mpira?"

Fundi alichukua spana namba kumi, akafungua kifuniko cha plastiki upande wa mbele wa injini. Mkanda ukaonekana, mweusi, una meno kwa ndani, umezunguka magurudumu mawili, moja juu, moja chini. Akaupinda kidogo kwa kidole. Mgongo wake ulikuwa na nyufa, kama kisigino cha mtu aliyelima pekupeku.

"Kama wa cherehani," nikasema.

"Umeona!" fundi akaruka. "Binti kaelewa, dereva bado. Ila binti, mkanda wa cherehani ukikatika unaunga, kesho unashona. Huu ukikatika, valvu zinabaki chini, pistoni zinakuja juu, zinakutana. Hapo si mkanda tena, ni msiba. Mzee, mpya hapa Kyela haupo. Nitanakili namba ya huu, nitauagiza mpya kwa kondakta wa basi. Lipeleke nyumbani polepole, kisha ulilaze mpaka mkanda ufike."

Kufika nyumbani baba alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alinipa mimi ufunguo. "Weka wewe," akasema. "Nikikaa nao mimi nitajaribiwa. Hata nikikuomba, usinipe."

Nikaufunga kwenye pindo la khanga. Mama akacheka mpaka akashika nguzo. "Haya, bosi, na mimi ukiniona nakaribia gari nifukuze."

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Baba aliliosha gari kila asubuhi. Wiki ya pili aliosha lililo safi. Jirani mmoja, mama wa makamo mwenye mdomo usiokaa na kitu, kila akipita na ndoo alisimama, akasalimu kwa lugha yetu ya nyumbani. "Ugonile, Dereva! Gari lako linaatamia? Litaangua lini?"

"Ndaga, mama. Bado halijapata jogoo," baba alijibu siku ya kwanza. Siku ya nne alijibu "ndaga" peke yake. Siku ya saba aliinua mkono tu.

Ilipofika wiki ya tatu fundi alituma neno: mkanda Mbeya haukupatikana, umeagizwa Dar es Salaam, vumilieni. Jumamosi ya wiki ile mama alikuwa amekwenda sokoni. Mimi nakanyaga cherehani barazani, baba amekaa kwenye kigoda anasugua vifuniko vya magurudumu ambavyo vilikuwa vinang'aa tangu juzi. Likapita lori la mnunuzi mmoja wa kakao. Dereva wake alimtambua baba, akapiga honi. Baba akainua mkono wenye kitambaa. Lori likapita, vumbi likatua, mkono wa baba ulikuwa bado uko juu.

Hapo ndipo moyo wangu uliponishinda. Nikaacha nguo kwenye sindano, nikafungua fundo la khanga, nikaenda nikasimama mbele yake.

"Baba, twende mpaka Ikolo tu. Polepole. Tugeuze turudi."

Aliutazama ufunguo kiganjani mwangu, akanitazama mimi. "Fundi alisemaje?"

"Alisema ulilaze. Limelala wiki tatu, baba. Hata mgonjwa huamshwa akanyooshwa miguu."

"Mwenye ufunguo ni wewe," akasema kwa sauti ndogo.

"Na mimi nakupa."

Aliingia ndani kwanza. Alipotoka alikuwa amevaa suruali ya kaki.

Siwezi kuieleza safari ile sawasawa. Haikuwa ndefu. Vioo tuliteremsha vyote viwili, upepo wa ziwa ukawa unaingia kwa baba unatokea kwangu. Aliendesha polepole kama alivyoahidi, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nje. Alianza kupiga mluzi. Nilikuwa nimesahau kwamba baba anapiga mluzi. Ikolo tukageuza, akaniambia kwamba tukishafunga mkanda mpya atanipeleka Matema nikaone milima inavyoingia majini, halafu Mbeya nikanunue cherehani yangu mwenyewe, halafu, akasema, tutafika hata huko ambako barabara zinaisha. Nilikuwa nacheka hovyo. Nilikuwa nahesabu mashamba yaliyobaki kufika kwenye kona ya kanisa, maana nilijua pale atapiga honi.

Hatukufika. Hapakuwa na kishindo. Injini ilinyamaza tu, kama mtu aliyekuwa anaongea akakumbuka jambo. Gari likaendelea kuteleza kidogo, kimya, tukausikia mchanga chini ya magurudumu. Baba akawasha. Ziii, ziii, ziii.

Wanaume waliokuwa kwenye mpunga walikuja kutusukuma, matope mpaka magotini. Mmoja akatania, "Dereva, tulidhani gari linambeba mtu, kumbe mtu analibeba gari!" Baba akacheka nao, akawashukuru, ndaga fijo, akashika usukani dirishani huku anatembea. Pale kwenye kona ya kanisa aliinamisha kichwa.

Mama alikuwa ameshafika. Alisimama na kapu kichwani, akatazama gari, akanitazama mimi, akatazama fundo la khanga yangu lililofunguka.

"Ufunguo aliutoa nani?"

Nikafungua mdomo.

"Niliuchukua mwenyewe," baba akasema. "Mtoto alikuwa anashona."

Mama akashusha kapu, akaenda jikoni. Sijui kama aliamini. Hakuuliza tena.

Jumanne mkanda ukafika. Fundi aliuleta mwenyewe kwa baiskeli, uko ndani ya boksi jembamba. Alifungua injini, akachungulia, akatikisa kichwa bila neno hata moja la utani, na hilo liliniumiza kuliko utani. Valvu zilikuwa zimepinda, zote nane. Kyela hazipo, Mbeya hazipo za injini ile. Akaliacha boksi juu ya boneti, akampa baba mkono kama mtu anayeaga msibani.

Mvua zilipoanza baba alipata kazi ya lori kwa mfanyabiashara mmoja upande wa pili wa mto Songwe, Karonga, anayepeleka mizigo mpaka kusini kabisa mwa Malawi. Ndugu wa mama huko ndio waliomtafutia. Asubuhi ya kuondoka nilimsindikiza mpaka barabarani, nikambebea mfuko, na maneno niliyokuwa nayo kifuani tangu siku ile yakatoka yote kwa mpigo.

"Baba, uliniambia hata ukiomba nisikupe. Na hukuomba. Mimi ndiye nilikupa. Ningekunyima siku tatu tu..."

"Ungeninyima, ningekuomba," akasema. "Nilikuwa nimeshapanga na maneno. Wewe uliniwahi tu."

Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akaufunga mwenyewe kwenye pindo la khanga yangu, fundo la dereva, gumu. "Kazi yako haijaisha. Tunza."

Huu ni msimu wa pili wa mpunga tangu aondoke. Amekuja mara moja, siku mbili, akiwa na mafua. Kuku wa mama wamejipatia nyumba kwenye bodi la pikapu, na yule jirani mwenye ndoo sasa anasema gari limeangua kweli, vifaranga tisa. Nacheka naye, maana ni kweli linachekesha. Lakini malori yakipita barabarani mguu wangu unasimama kwenye cherehani, wenyewe tu, mpaka nihakikishe honi ni ya nani.

Wiki iliyopita mwanamke mmoja anayevusha khanga na sukari mpakani Kasumulu aliniletea salamu. Baba amepata valvu, alisema, kwenye injini ya gari lililopata ajali huko huko kusini. Sita nzuri, bado mbili. Akimaliza kutafuta atakuja.

Jana mama alipokwenda shamba nililichukua lile boksi la fundi, ambalo siku hizi linakaa juu ya kabati. Panya walikuwa wameanza kulila pembeni. Nikautoa mkanda, nikaukunjua, nikauinamia kwenye mwanga jino kwa jino. Haukuguswa. Nikakata mguu mmoja wa suruali ya kaki ya baba, ile iliyotoboka magotini, nikashona mfuko wa duara, mishono miwili miwili, na kamba ya kukaza mdomoni. Nikautia mkanda ndani. Nikaenda kwenye gari, nikawafukuza kuku, nikafungua mlango kwa ufunguo wangu, nikauweka mfuko juu ya kiti cha dereva. Nikafunga, nikavuta kitasa kuhakikisha, nikalifunga upya fundo la khanga.